Chiang Hakukosa Bunduki

Shikamooni wazee wangu, mambo vipi vijana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya China, serikali ya Chiang Kai-shek na wakomunisti wa Mao, vilivyoanza mnajua, sirudii huko, naenda Manchuria, kaskazini mashariki ya China, 1948 moja kwa moja, maana kila nikiongea hapa Mwanza kuna mtu lazima aniambie Chiang alishindwa kwa sababu alizidiwa silaha. Silaha zipi? Marekani ilimpa bunduki, malori na ndege, na 1946 askari wake walikuwa wengi kuliko wa Mao. Utasema Warusi waliwaachia wakomunisti silaha za Wajapani, sawa, waliwaachia, ila hiyo haielezi jeshi zima kugeuza mitutu.

Sikilizeni habari ya Wayunnan. Yunnan iko kusini kabisa na ilikuwa na mkubwa wake, Long Yun, mwenye jeshi lake. 1945 Chiang akalituma jeshi hilo Vietnam kuwapokonya silaha Wajapani, na Oktoba, vijana wakiwa huko huko, akamng'oa mzee wao madarakani! Halafu hao hao akawasafirisha mpaka Manchuria kwenye baridi kali, eti wampiganie. Mei 1946 divisheni yao moja ikahamia kwa wakomunisti pale Haicheng, mji wa Manchuria, bado hakushtuka. Haya, 1948 Jeshi la 60, Wayunnan, limezingirwa na wakomunisti mjini Changchun, huko huko Manchuria, miezi na miezi, raia wanakufa njaa barabarani, na ndani ya mji huo huo Jeshi Jipya la 7, vipenzi vya Chiang, ndio wanaangaliwa kwanza. Oktoba 17 kamanda wa Wayunnan, Zeng Zesheng, akavuka na jeshi lake kwa wakomunisti, siku chache baadaye mji kwisha. Sasa hapo nani alikosa risasi?

Na lile la Chiang kuongoza vita kwa mbali jamani linaniuma, yaani tajiri wa dagaa akae Mwaloni Kirumba usiku na simu, awapangie wavuvi walioko Ukerewe watupe nyavu wapi, watarudi na nini? Chiang anamtaka Wei Lihuang, kamanda wake wa Manchuria, atoke mji wa Shenyang akauokoe mji wa Jinzhou uliozingirwa, Wei hataki, Oktoba 2 Chiang kaja na ndege mwenyewe wanabishana, Oktoba 15 Jinzhou imeanguka na njia ya nchi kavu ya kurudi kusini imefungwa, Novemba 2 Shenyang nayo.

Pesa napita haraka, naona naonyeshwa saa. Agosti 1948 serikali ya Chiang ilileta yuan ya dhahabu, noti mpya, miezi michache tu ikawa karatasi, na askari analipwa hiyo hiyo. Januari 1949 Fu Zuoyi, jenerali wa upande wa Chiang, akaikabidhi Beijing kwa wakomunisti. Na huko Yunnan, Lu Han, aliyeachiwa mkoa baada ya Long Yun, akageukia wakomunisti Desemba 9, 1949, kesho yake Chiang akapanda ndege kwenda Taiwan.