Saidia Fundi Hawi Fundi kwa Kubeba Zege

Mheshimiwa mwenyekiti, wazazi, wenye ofisi, na ninyi vijana mliokaa safu za nyuma, sogeeni mbele kwa sababu maneno haya ni yenu.

Sitaeleza programu ni nini. Dodoma hii, mtu aliyewahi kulipia huduma ya serikali kwa kumbukumbu namba anajua kwamba nyuma ya simu yake kuna mfumo, na mfumo una watu walioutengeneza. Nitasema lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti, na nitalisema mpaka lisikike: uanagenzi wa kutengeneza programu usio na mtu wa kusoma kazi ya mwanagenzi mstari kwa mstari si uanagenzi. Kijana amepewa kiti tu.

Nendeni Ihumwa au Nala kwenye nyumba zinazojengwa. Saidia fundi anakoroga zege, anachota maji, anapandisha tofali. Wapo wanaobeba miaka sita na hawajui kusimamisha kona. Lakini yupo aliyepewa mwiko mapema, akaambiwa apange kozi mbili za ukuta wa nyuma. Fundi akaja na pima maji, akaona ukuta umelala, akamwonyesha ni tofali la ngapi lililoanza kuharibu, akambomolesha kabla sementi haijashika. Huyo wa pili baada ya mwaka mnamwachia chumba. Mikono yao ni ileile, ila mmoja alipimiwa ukuta wake na mwingine hakupimiwa.

Sasa kwetu saidia fundi anapewa nini? Kufunga printa. Kuweka Windows. Kuingiza majina kutoka kwenye makaratasi. Kupiga picha semina. Wiki za fildi zinaisha, kitabu kinagongwa muhuri, kijana anarudi chuoni hajagusa hata mstari mmoja wa mfumo unaotumika. Halafu tunamuuliza kwa nini hana uzoefu!

Tuchukue mfumo wa SACCOS ya wakulima wa zabibu, tuseme wa Hombolo. Msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko kwenye Git, chombo kinachotunza kila badiliko la msimbo. Siku ya kwanza mwanagenzi avute nakala, afuate maelekezo ya kuuwasha kwenye laptopu yake. Atakwama, kwa sababu aliyeandika maelekezo alishasahau vitu alivyoweka kwenye mashine yake miaka miwili iliyopita. Msimsaidie haraka. Aandike kila alipokwama na alichofanya kuvuka, na masahihisho hayo ya maelekezo ndiyo yawe badiliko lake la kwanza kuingia. Ni mistari kumi ya maandishi, haiwezi kumharibia mtu fedha, na tayari amepita njia nzima: kufungua tawi (nakala ya pembeni ya kufanyia kazi), kuhifadhi badiliko, kuomba liunganishwe, kusomwa, kurudishiwa, kurekebisha.

Wiki ya nne au ya tano mpeni kitu chenye uzito. Mtandao ukikatika katikati ya malipo, mfumo ujaribu tena. Ataandika nini? Nawaambia kabla hajaandika: atazungusha ombi mara tatu, na jibu lisipofika ndani ya sekunde 30 atatuma lingine. Kwenye laptopu yake litafanya kazi vizuri kabisa. Ataleta akiwa na furaha.

Hapo ndipo fundi anapohitajika. Fundi anasoma mstari ule wa kutuma tena, anamuuliza: jibu lisipofika, unajuaje kwamba ombi halikufika? Kijana ananyamaza. Kuna mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea. Ombi lilipotea njiani. Au lilifika, likakataliwa. Au lilifika, fedha zikakatwa, kilichopotea ni jibu. Kwa upande uliotuma ombi yote matatu yanaonekana sawasawa, yaani kimya. Na kwa lile la tatu, mkulima aliyelipa marejesho ya shilingi 50,000 anakatwa 50,000 mara tatu, anabaki amekatwa 150,000 wakati mbolea hajanunua.

Kwa hiyo namba ya muamala itengenezwe mara moja, kabla ya kutuma, ihifadhiwe kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa za mfumo, ikiwa na hali ya “inasubiri”. Kila jaribio litumie namba hiyohiyo. Upande unaopokea ukiona namba uliyokwisha kuishughulikia, urudishe jibu la zamani bila kukata tena. Kijana atarekebisha, ataleta, na atakuwa amekosea tena, na kosa hili la pili ni zuri kuliko la kwanza: ameandika “angalia kama namba ipo, kama haipo ingiza”. Maombi mawili yakifika kwa pamoja, yote mawili yanaangalia, yote yanaambiwa haipo, yote yanaingiza. Katazo la namba kujirudia liwekwe kwenye kanzidata yenyewe, siyo kwenye nia njema ya programu. Kisha ajaribu kwa makusudi: akate mtandao mara tu ombi linapoondoka, atume maombi mawili kwa wakati mmoja, ahesabu safu zilizoingia. Iwe moja.

Hayo yote yanafundishika darasani, na mtu anaweza kuyaandika akafaulu mtihani. Lakini aliyerudishiwa kazi yake mara mbili kwa sababu hiyo, kila akiona neno “tuma tena” kwenye msimbo wowote duniani atasimama.

Najua mwenye ofisi wa Area D anachosema moyoni: fundi wangu nimemwajiri afanye kazi za wateja, hana muda wa kusoma za mtoto. Tupige hesabu. Badiliko la mistari 80 fundi analisoma kwa makini dakika 20. Mawili kwa siku ni dakika 40, kwa siku tano ni dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20 kwa wiki. Sasa hesabu siku fundi huyohuyo anapotafuta kwa mkono, muamala kwa muamala, waliokatwa mara mbili, huku katibu wa SACCOS anapiga simu kila robo saa. Mnalipa dakika hizo hata hivyo. Tofauti ni kwamba za kusoma zinawaachia fundi wa pili.

Lakini hesabu hiyo inasimama kama mabadiliko ni madogo. Mwanagenzi akileta mistari 2,000 Ijumaa jioni, hakuna atakayesoma. Ataandikiwa “sawa” na kosa litaingia. Ikizidi 200, rudisha ikatwe vipande. Badiliko moja, jambo moja. Wanaotengeneza Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, kazi iliyoanza mwaka 1991 na inayobeba seva nyingi duniani, wanadai hivyohivyo: kila kiraka, ndivyo wanavyoita badiliko, kibebe jambo moja, na kisomwe na wengine kabla ya kupokelewa. Git yenyewe Linus Torvalds aliitengeneza mwaka 2005 kwa ajili ya kazi hiyo. Kama wao hawaoni aibu kusomwa, sisi tunaona aibu ya nini?

Na fundi asiandike “badilisha hapa” akaondoka. Aandike kwa nini. Ajibu ndani ya siku moja ya kazi, maana kijana anayesubiri wiki atakuwa ameshajenga kozi kumi juu ya ile iliyolala.

Mwingine ataniambia akili mnemba inaandika msimbo siku hizi, kwa hiyo haya yamepitwa. Inaandika, ndiyo, tena haraka. Itakupa mistari 300 yenye mzunguko uleule wa kutuma tena, imepangwa vizuri, ina maelezo. Nani atauliza lile swali la ombi lililofika? Mwanagenzi aitumie, lakini asilete mstari asioweza kuueleza kwa mdomo mbele ya fundi.

Naona muda unakimbia. Makosa mengine ya kumpa mwanagenzi mapema, kwa haraka: ripoti ya siku kwenye seva iliyowekwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo sisi tunazitangulia kwa saa 3. Malipo ya saa 8 usiku tarehe 2 yanaandikwa ya saa 5 usiku tarehe 1, na hesabu za mweka hazina hazifungi. Namba ya simu iliyohifadhiwa kama tarakimu za hesabu, sifuri ya mbele inatoweka. Riba iliyokokotolewa kwa desimali za kompyuta, ambako 0.1 kuongeza 0.2 haitoi 0.3 kamili. Kila moja ni somo la wiki.

Mkataba uwe wa maandishi. Uandikwe jina la fundi atakayesoma, saa zake kwa wiki, na kijana awe anaweza nini mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Posho itoshe walau nauli, chakula na bando. Mtu asiyekula hatafuti kosa. Laptopu iwe na RAM ya GB 8 au zaidi. Msimpe nakala ya taarifa halisi za wanachama akaenda nazo nyumbani Nkuhungu: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na inawahusu. Mtengenezeeni wanachama wa kubuni.

Nilitaka kusema juu ya majaribio ya kujiendesha na juu ya kumpeleka kijana kwa mteja, ila mwenyekiti amenionyesha saa. Wenye ofisi ambao msimbo wenu uko kwenye Git na mna fundi wa kusoma, bakini hapa mbele dakika kumi. Vijana wanaotaka kuwauliza ni wengi.