Shamba la Iowa Lililokuwa Kinamasi

Habari zenu ndugu zangu mnaonitazama huko nyumbani. Shamba hili la mahindi nyuma yangu, hapa kaskazini mwa Iowa, Marekani, zamani lilikuwa madimbwi matupu. Barafu kuu ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, iliacha vibonde visivyo na pa kutolea maji. Vikajaa matete na bata.

Wapima ardhi wa serikali wakaja na mnyororo wa futi 66. Minyororo 80 ni maili moja, na kila maili mraba ni ekari 640. Mstari ulinyooka tu, hata ulipopita katikati ya dimbwi. Shida ikaanzia hapo, maana maji hayafuati mpaka wa mtu: ukikausha kwako, unamfurikisha jirani. Mwanzoni mwa karne ya 20 sheria za Iowa zikaweka wilaya za mifereji, wenye mashamba wakachangia mtaro mkuu, kila mmoja kwa kadiri anavyonufaika. Bila huo ushirika, naamini, hapa pasingelimika.

Kazi yenyewe ya kuzika mabomba ya kukausha shamba huanzia chini, maji yanapotokea, ikipanda juu, ili handaki lijikaushe wakati wa kuchimba. Mabomba ya zamani ni ya udongo wa kuchoma, kila moja urefu wa futi 1, yamezikwa kina cha futi 3 hadi 4, yamepangwa kichwa kwa kichwa bila saruji. Maji huingilia kwenye maungio, kwenye uwazi wa milimita 3 hivi. Ukizidi, mchanga nao unaingia. Bomba la inchi 4 linatosheka na mteremko wa futi 1 kwa futi 1,000, ila uwe sawasawa. Likibonyea mahali, tope linatulia hapo na shamba la juu linarudi kuwa dimbwi. Mizizi ya mierebi nayo huziba kabisa. Siku hizi wanatandaza bomba la plastiki lenye matundu, mashine ikiongozwa na setilaiti.

Mizizi ya mahindi ikapata hewa, trekta likaacha kuzama. Lakini takriban sehemu 9 kati ya 10 za vinamasi vya Iowa zimepotea, na mabomba hayohayo hupeleka naitreti, yaani chumvi za naitrojeni zitokazo kwenye mbolea, mitoni, hadi Ghuba ya Mexico, ambako mwani hustawi, ukioza unamaliza oksijeni, samaki wanakimbia au kufa. Jiji la Des Moines, makao makuu ya Iowa, limelazimika kujenga mtambo wa kuondoa naitreti kwenye maji ya kunywa.

Wakulima wengine sasa wanachimba handaki karibu na mdomo wa bomba, wanalijaza vipande vya mbao, na maji yanapita humo kwanza. Bakteria wanaoishi kwenye mbao hizo hugeuza naitreti kuwa naitrojeni, gesi ya kawaida ya hewani.