Gridi ya Karatasi na Gridi ya Wakati: Kupanga Alama katika Programu za Kuandika Muziki

(Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya walimu wa kwaya)

Waheshimiwa walimu wa kwaya, watunzi na wanafunzi, hamjambo.

Nitaanza na kitu ambacho wengi wetu tulilelewa nacho, yaani karatasi ya solfa (muziki ulioandikwa kwa herufi kama d, r, m badala ya noti) iliyopigwa kwa taipureta. Katika taipureta kila herufi huchukua upana uleule, kwa hiyo nukta mbili zinazotenganisha mapigo zilijipanga zenyewe kutoka soprano hadi besi, na mwimbaji wa besi aliyepotea aliweza kupandisha jicho na kuona mara moja soprano wamefika pigo gani. Tulipohamia kompyuta mpangilio huo uliharibika, kwa sababu katika fonti nyingi herufi l ni nyembamba na herufi m ni pana. Andika « l :l :l » juu ya « m :m :m », na kabla hujafika pigo la tatu safu zimeshaachana. Waliogundua chanzo walichagua Courier, fonti ambayo herufi zake zote zina upana mmoja, au wakachora jedwali.

Sasa mwalimu huyohuyo anapofungua programu ya noti za mistari mitano, kama vile MuseScore, na kukuta mahali pa kuwasha gridi, yaani hatua maalumu ambazo alama inayovutwa hutua juu yake, hudhani amerudishiwa taipureta yake. Sivyo. Gridi ya solfa hupima wakati, ilhali gridi ya programu hupima karatasi. Kizio chake ni nafasi iliyoko kati ya mstari na mstari: mistari mitano ina nafasi nne, na ikiwa kimo chake chote ni milimita 7, basi nafasi moja ni milimita 1.75. Ukiigawa nafasi hiyo mara mbili, alama unayoivuta kwa kipanya itaruka kwa hatua za milimita 0.875 na haitakubali kutua katikati ya hatua hizo. Gridi ikizimwa, mshale wa kibodi huisogeza alama kwa sehemu ya kumi ya nafasi, au kwa nafasi nzima ukishikilia Ctrl. Katika hesabu zote hizo pigo halimo.

Ndiyo maana nawasihi msizisogeze noti zenyewe. Noti ya mapigo mawili haipewi upana maradufu wa noti ya pigo moja. Hupewa kama mara moja na nusu hivi, na jicho lililozoea kusoma huridhika. Anayelazimisha upana sawa kwa kila pigo, kama tulivyozoea katika solfa, hupata ukurasa wenye mapengo huku na msongamano kule. Tazameni pia soprano na alto wanapoandikwa kwenye mistari mitano ileile, soprano akiwa F na alto E. Vichwa vya noti hizo mbili havitoshei katika safu moja, kwa hiyo programu hukisogeza kimoja pembeni kwa makusudi. Nimemwona kijana mwenye bidii akikirudisha « mahali pake », akabaki na doa jeusi lisilosomeka. Vivyo hivyo kimya cha kipimo kizima, yaani alama ya kunyamaza kwa mapigo yote yaliyo kati ya mistari miwili ya wima: hukaa katikati ya kipimo, hakikai chini ya pigo la kwanza.

Gridi ina kazi yake, nayo ni kwenye maandishi ambayo hayana mahali pa lazima: maelezo ya mwendo, beti za ziada chini ya ukurasa, jina la mtunzi. Maneno ya wimbo yaachieni silabi na noti zishikane. Kiswahili kina silabi nyembamba na silabi pana, na « nchi » ni silabi mbili, n-chi, zinazohitaji noti mbili. Bonyeza kistari baada ya silabi na programu itahamia noti inayofuata. Bonyeza kitufe cha kuacha nafasi (spacebar) baada ya neno lililokamilika. Anayeandika « nchi » yote chini ya noti moja kisha akavuta herufi kwa kipanya amejitafutia kazi ambayo ataifanya upya kila mara ukurasa unapobadilika.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Niliandaa wimbo wa sauti nne, kila sauti kwenye mistari yake, nikaongeza alama ya pili ya mf (imba kwa nguvu ya wastani) kwenye mistari ya teno kisha nikaivuta hadi ikatua juu ya besi, kwa kuwa gridi ilikuwa imewashwa na alama ilikaa sawasawa kabisa. Kwenye karatasi ya pamoja hakuna aliyeona dosari. Nilipotoa karatasi ya kila sauti peke yake, besi hawakuwa na mf yoyote, na teno walikuwa nazo mbili, moja ikielea chini ya maneno yao. Besi waliimba kwa nguvu zao zote, na haki ilikuwa yao. Alama ni mali ya noti uliyoiambatanisha nayo hata ukiivuta umbali gani, na hata kompyuta inapokuchezea wimbo hufuata noti hiyo.

Kwa hiyo ambatanisha kwanza, kisha urekebishe mtindo wa wimbo wote, yaani mipangilio ya programu inayotawala alama zote kwa pamoja, na kipanya kije mwisho kabisa. Alama za nguvu ya sauti katika muziki wa kuimba huwekwa juu ya mistari, maana chini pana maneno. Liagize hilo mara moja kwenye mtindo badala ya kuvuta alama arobaini moja moja. Tangu toleo la tatu la MuseScore, lililotoka mwaka 2018, programu yenyewe hukwepesha alama zisigongane, na mara nyingi hukwepesha vizuri kuliko sisi.

Mwalimu mmoja ameniuliza kabla hatujaanza kama anaweza kuweka solfa chini ya noti kwenye ukurasa uleule. Anaweza: aiandike kama ubeti wa pili wa maneno, silabi kwa silabi. Lakini itafuata upana wa noti, na nukta mbili hazitaachana kwa umbali sawa. Kwaya yake ikisoma solfa pekee, namshauri awapigie karatasi ya pili kwa Courier.