Leseni ya Mnasihi wa Uraibu Ukihamia Jimbo Jingine

MWAJUMA: Karibuni tena jamani. Mimi ni Mwajuma, niko Fort Worth, Texas, hapa Marekani.

KIMANI: Na mimi ni Kimani, niko Minneapolis. Leo tunajibu swali linaloingia kwa simu yangu kila mara. Mtu ni mnasihi wa uraibu, yaani anawasaidia walionaswa na pombe au dawa za kulevya, ana leseni yake, amefanya kazi kwenye kituo cha tiba kwa miaka, halafu familia inahamia jimbo lingine. Akifika anaambiwa haruhusiwi kukaa na mgonjwa hata mmoja.

MWAJUMA: Na kweli haruhusiwi. Watu wanadhani ni kama leseni ya udereva, kwamba ukivuka mpaka unaendelea nayo tu. Hapana. Kila jimbo lina sheria yake, bodi yake ya leseni, hata jina lake la kazi. Hapa Texas tunaitwa LCDC. Kwenu Minnesota ni LADC. Washington ni SUDP, na jina hilo wamelianza 2019. California wao wametumia vyeti vya mashirika yaliyoidhinishwa, si leseni ya jimbo.

KIMANI: Tukae hapo kwa cheti na leseni, dada Mwajuma, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukwama. Kuna muungano wa bodi unaoitwa IC&RC, ulianzishwa 1981. Bodi wanachama zilikubaliana kutumia vigezo vya aina moja na mtihani mmoja. Mtihani wa ADC, yaani wa mnasihi wa pombe na dawa za kulevya, una maswali 150, unapewa saa tatu, alama zinaanzia 200 hadi 800 na unafaulu ukipata 500. Ukishafaulu, bodi nyingine mwanachama inaweza kukupokea bila kukurudisha kwenye mtihani.

MWAJUMA: Na Texas wanaupokea huo mtihani.

KIMANI: Sawa. Sasa angalia huku kwetu. Mwanachama wa IC&RC hapa ni Minnesota Certification Board, na hao wanakupa cheti. Leseni ya LADC inatoka kwa Board of Behavioral Health and Therapy, ambayo ni ofisi nyingine kabisa, na fomu zake ni nyingine na ada yake ni nyingine. Mtu anahamisha cheti chake kutoka jimbo alilotoka, anapata barua ya kukubaliwa, anafurahi, anaenda nayo kwa mwajiri. Mwajiri anamwambia, hiki ni cheti, leseni iko wapi?

MWAJUMA: Kwa hiyo kabla hujalipa hata senti, uliza: jimbo ninaloenda linataka leseni au cheti, na nani anatoa? Kama kuna mwajiri tayari, muulize anahitaji karatasi ipi hasa, akujibu kwa maandishi.

KIMANI: Na uhamisho wa IC&RC unaanzia kwa bodi unayoiacha. Si ile unayoiendea. Watu wanapiga simu huku, wanazungushwa mwezi mzima, kumbe fomu iko kule kwao.

MWAJUMA: Na lazima cheti chako kiwe hai. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu najua mtu akihama ana mambo mia. Kodi ya nyumba mbili, watoto hawajapata shule. Ile ada ya kuhuisha anaiona mzigo, anasema si ninaondoka bwana, ya nini? Naomba usiiache ikafa. Cheti kilichokwisha muda hakihamishiki, na kukifufua ukiwa mbali ni kazi kubwa kuliko kukilipia.

KIMANI: Tuje kwa saa za kazi unazotakiwa kuwa nazo. Kiwango cha IC&RC kwa ADC ni saa 6,000 za kazi chini ya usimamizi, zinapungua kulingana na elimu. Mwenye shahada ya uzamili anabaki na 2,000. Texas wao wanataka 4,000 kwa LCDC.

MWAJUMA: Mwaka mmoja wa kazi ya saa 40 kwa wiki ni saa 2,080. Kwa hiyo 4,000 ni karibu miaka miwili ya maisha yako. Na thibitisho lake ni nini? Ni fomu ya kurasa mbili tatu. Kuna jina la kituo, tarehe uliyoanza na uliyoondoka, idadi ya saa kwa kila aina ya kazi: kupokea wagonjwa, tathmini, mpango wa tiba, unasihi wa mtu mmoja, wa kundi. Chini kuna sahihi ya msimamizi na namba ya leseni yake. Mara nyingi bodi inataka msimamizi mwenyewe aitume moja kwa moja. Ukiibeba wewe mkononi hawaipokei.

KIMANI: Na msimamizi amestaafu.

MWAJUMA: Amestaafu, amehama, au kituo kimefungwa. Kituo kimoja nilichofanyia kazi zamani kilifunga milango, na kampuni iliyochukua mafaili haikujibu barua zangu. Kilichoniokoa ni kwamba msimamizi wangu wa wakati ule alikuwa na desturi ya kutusainia saa kila mwisho wa mwaka na kila mtu anabaki na nakala yake. Mungu ambariki yule mama. Wewe unayetusikiliza na bado uko kazini, hata kama huna mpango wa kuhama, nenda kwa msimamizi wako wiki hii. Mwombe asaini saa zako mpaka leo, na uchukue barua pepe yake binafsi.

KIMANI: Kuna msikilizaji yuko Houston anakuja huku. Ana LCDC, ana diploma ya miaka miwili. Dada yangu, nikuambie ukweli ujipange. Texas wanakubali diploma. Minnesota, kwa LADC, wanataka shahada ya kwanza, mafunzo ya darasani saa 270 kuhusu pombe na dawa za kulevya, na mafunzo kwa vitendo saa 880. Wakilinganisha vigezo vya kule na vya huku, unaweza kukwama kwenye shahada hata kama umefanya kazi miaka mingi. Andikia bodi kabla hujafunga mizigo.

MWAJUMA: Na walio na shahada kutoka nyumbani? Kenyatta, Dar es Salaam, Makerere?

KIMANI: Shahada inatathminiwa na kampuni zinazotambuliwa, kama WES au ECE. Uliza bodi inakubali zipi. Chuo chenyewe ndicho kinatuma matokeo, kwa hiyo anza mapema. Omba tathmini ya kozi moja moja, kwa sababu bodi inatafuta kozi za uraibu humo ndani. Na wale waliosoma UTC, mtaala wa tiba ya uraibu wa shirika la kimataifa la Colombo Plan, wakapata cheti cha kimataifa cha ICAP, hiyo ni elimu nzuri na usiiache nyuma, lakini peke yake haikupi leseni ya jimbo. Peleka mihtasari ya masomo uombe zile saa zihesabiwe.

MWAJUMA: Nataka kusema kuhusu alama za vidole, zile unazotoa ukiomba leseni ili waangalie kama una kesi. Wanasihi wengi wazuri wa kazi hii walipitia uraibu wenyewe, na wengine wana kesi za zamani. Wanaogopa fomu. Hapa Texas sheria inakuruhusu kuiomba ofisi ya leseni ikuandikie kwanza, kabla hujaomba leseni, kama kesi yako itakuzuia. Itumie haki hiyo. Kisha kwenye fomu sema yote, ambatisha hati za mahakama, eleza maisha yako ya sasa. Ukificha halafu vidole vikaonyesha, hapo umeongeza kosa la pili.

KIMANI: Asante kwa kulisema hilo. Wengine wameuliza kuhusu Counseling Compact, ule mkataba wa majimbo unaowawezesha washauri kufanya kazi katika jimbo lingine mwanachama.

MWAJUMA: Huo ni wa washauri wenye leseni ya shahada ya uzamili. Leseni ya uraibu peke yake haimo. Inaniuma, kwa sababu fentanili, hiyo dawa ya kulevya inayoua watu, haisubiri mikataba. Hapa Fort Worth tuna jamii kubwa ya Wakongomani. Mzazi anatafuta mtu wa kuongea na mwanawe kwa Kiswahili, na mtu huyo yupo mjini, ana uzoefu, lakini anapanga maboksi ghalani akisubiri barua. Bodi zina wajibu wa kulinda wagonjwa, na ninauheshimu. Ila mgonjwa asiyepata mtu wa kumwelewa naye hajalindwa.

KIMANI: Arizona walijaribu. Sheria yao ya 2019 inatambua leseni ya jimbo lingine kama umekuwa nayo angalau mwaka mmoja na haina doa. Na kwa wanajeshi na wenzi wao, na tunao Wakenya wengi jeshini, tangu Januari 2023 sheria ya shirikisho inatambua leseni zao wakihamishwa kwa amri ya kijeshi. Ina masharti yake, lakini waambie bodi kwamba unaiomba kwa njia hiyo.

MWAJUMA: Wakati unasubiri, usikae nje ya fani. Texas unaweza kujisajili kama mnasihi mwanagenzi ukafanya kazi chini ya msimamizi. Kwingine kuna kazi za kituoni zisizohitaji leseni.

KIMANI: Na wagonjwa wako wa zamani? Mtu anasema nitaendelea nao kwa video.

MWAJUMA: Kinachoangaliwa ni mgonjwa yuko jimbo gani wakati mnaongea. Akiwa Minnesota, unahitaji ruhusa ya Minnesota, hata kama wewe umekaa Texas. Ndiyo sababu nyingine ya kuiacha leseni ya zamani iwe hai. Lakini muulize mgonjwa kila mnapoanza yuko wapi, uandike kwenye faili. Watu wanasafiri.

KIMANI: Dada wa Houston, tutumie ujumbe ukishajibiwa na bodi, tupitie barua yao pamoja kwenye kipindi kijacho.