Aliyeandika kitabu kizima juu ya machungwa

Shikamooni wazee. Walimu wenzangu, na nyie vijana mliokuja mmelowa na mvua, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie uandishi. Kanuni mnazo kwenye vitabu vya Kidato cha Tatu, kwa hiyo nitawasimulia mtu. Anaitwa John McPhee, Mmarekani, mzaliwa wa 1931 wa Princeton, mji mdogo wa jimbo la New Jersey. Habuni hadithi. Kazi yake ni kuandika watu na vitu vilivyopo, ila anaviandika hadi unasahau kwamba hakuna aliyeuawa wala aliyeoa.

Mwaka 1967 alitoa kitabu kizima juu ya machungwa. Msicheke. Alikusudia makala fupi, akaenda Florida kwenye mashamba na viwanda vya juisi, akaongea na wakulima na wataalamu, mambo yakamzidi mkono. Humo anaeleza kwa nini chungwa la nchi za joto huiva likiwa bado la kijani: ganda linahitaji usiku wa baridi ndipo ukijani upotee. Sasa nani hapa hajui chungwa la kijani? Sokoni hatuangalii rangi. Unalishika, unalipima uzito kiganjani, unamwambia muuzaji akumenyee moja uonje. Tunalijua tangu utotoni, lakini hatukuwahi kudhani kwamba ni jambo la kuandikwa.

Alikotoa ukaidi huo ni shuleni. Alikuwa na mwalimu wa sekondari, Bi Olive McKee, aliyewatoza wanafunzi wake insha tatu karibu kila wiki. Na si insha tu. Kila moja lazima iambatane na mpangilio wake, hata kama ni mchoro wa mistari. Halafu mwanafunzi anasimama mbele anasoma, wenzake ruksa kuzomea na kumrushia karatasi zilizofinyangwa. Nilijaribu mtindo huo na darasa langu la wanafunzi 70. Insha 210 kwa wiki! Wiki ya pili nikapata homa, na sijasema nilipata malaria.

Tangu ujana alitaka kuandikia jarida la The New Yorker. Walimrudishia kazi zake miaka na miaka. Akafanya kazi kwenye jarida la Time huku akiendelea kutuma. Mlango ulifunguka sawasawa mwaka 1965, alipoandika habari ndefu ya Bill Bradley, mchezaji wa mpira wa kikapu aliyekuwa mwanafunzi pale Princeton, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta.

Mngedhani baada ya hapo mambo yakawa mteremko. Mwaka uliofuata, 1966, alikuwa amekusanya habari tele za msitu mmoja wa misonobari wa huko kwao. Madaftari yamejaa, na hajui pa kuanzia. Akatoka uani, akalala chali juu ya meza ya mbao chini ya mti, akitazama matawi. Karibu wiki mbili, siku baada ya siku. (Mke wangu angeita shehe anisomee.) Mwisho akamkumbuka mzee mmoja aliyemkuta mle msituni, akaona kwamba karibu kila alichonacho kinaweza kuning'inizwa kwa mzee yule. Akainuka, akaandika.

Hapo ndipo ninapowataka mtulie nami. Kwa McPhee shida haikuwa maneno, ilikuwa mpangilio. Alipiga chapa maelezo yote aliyokusanya, akayasoma tena na tena, akaweka alama kila fungu ni la mada gani, kisha akachukua mkasi akayakata vipande, kila mada na bahasha yake. Akifungua bahasha moja, nyingine zote zinangoja. Mara nyingine aliandika vichwa vya mada kwenye kadi, akazitandaza juu ya ubao, akawa anazihamisha kama mchezaji wa bao anayehesabu kete.

Kuanzia 1975 akafundisha hayo Chuo Kikuu cha Princeton, darasa dogo, akikaa na mwanafunzi mmoja mmoja sentensi kwa sentensi. Mmoja wao, Peter Hessler, alikwenda China mwaka 1996 kufundisha Kiingereza katika mji wa Fuling, kando ya mto Yangtze, akaandika kitabu juu ya mji huo ambao wasomaji wengi wa kwao hawakuwahi kuusikia.

Nami nikajiuliza, na hapa kwetu Mtwara, kwenye korosho? Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala ya korosho. Nilianza na "dhahabu ya Kusini", nikaweka tani na bei, nikamaliza kwa kuishauri serikali. Niliiandika nikiwa mezani kwangu. Mhariri akairudisha bila neno, na alifanya vizuri.

Baadaye nilikwenda kukaa na mama mmoja anayebangua kwa mkono nyuma ya nyumba yake. Amepaka majivu vidoleni, maana mafuta ya ganda yanababua. Anaisimamisha korosho iliyochomwa juu ya jiwe, anagonga mara moja. Anaweka nzima kwenye ungo mmoja na zilizovunjika kwenye mwingine, bila kutazama. Nikamuuliza anajuaje bila kuangalia. Akasema, "Mwalimu, si inalia?" Nikasikiliza nusu saa. Kweli, inayovunjika ina mlio wake.

Kumbe mle mna kila kitu: salfa na ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, kangomba, yaani ulanguzi wa korosho, mnada, mabibo na uraka, pombe yake, hata yale malori ya jeshi ya 2018 yaliyokuja kubeba korosho, tuliyotoka barabarani kuyashangaa. Ila mimi nilikuwa sina mzee wa msituni wa kuyaning'iniza. Sasa ninaye, amekaa na jiwe lake.

Basi, chai iko tayari. Jumamosi ijayo kila mmoja aje na ukurasa mmoja juu ya kitu kimoja alichokishika kwa mkono. Nami nitasoma ile ya korosho, mpya. Kuzomea ruksa. Karatasi za kurusha mje nazo wenyewe, za shule zimekwisha.