Shilingi Ikianguka, Nani Analipia Barabara?

Mhadhara kwa wasafirishaji, madereva na wakazi, Mombasa

Hamjambo nyote. Leo naomba tuanze na hesabu, maana kila tukikaa kuzungumza juu ya barabara za kulipia, watu wanakimbilia siasa na hesabu inaachwa mlangoni.

Nairobi Expressway, barabara ya kulipia inayokatiza jiji la Nairobi, ilipofunguliwa kwa majaribio Mei 2022, gari dogo likiingia Mlolongo na kutoka Westlands, kilomita 27 hivi, lililipa shilingi 360. Wakati huo dola moja ilikuwa karibu shilingi 116. Januari 2024 ada ile ile ikawa 500, na sababu iliyotolewa ni kuporomoka kwa shilingi. Watu wakasema kampuni inayoiendesha barabara ina tamaa. Jamani, chukueni kalamu. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa karibu 157. Zidisha 360 kwa 157, kisha gawanya kwa 116. Unapata 487. Ipandishe kidogo iwe mia kamili, ndiyo 500 hiyo. Fomula yenyewe imo ndani ya mkataba wa kampuni na serikali, lakini mtu yeyote mwenye simu mfukoni anaweza kuona imeelemea wapi.

Kwa hiyo kuuliza kama kampuni ni nzuri au mbaya ni kupoteza wakati. Kampuni inafuata karatasi. Tuulize karatasi inasemaje.

Mwekezaji hukopa kwa dola, akanunua mitambo na vyuma kwa dola, kisha akakusanya shilingi langoni kwa miaka. Mkataba wa Nairobi ni wa miaka 27. Mkopeshaji hataki shilingi, anataka dola zake. Shilingi ikianguka, makusanyo ya mwezi yanabaki yale yale lakini yananunua dola chache. Hilo pengo lazima mtu alizibe, na wa kuliziba ni watatu tu: mwekezaji kwa faida yake, serikali kwa kodi yetu, au dereva langoni. Hakuna wa nne. Mnaposikia mtu akisema mradi hautagharimu mlipa kodi hata senti, muulizeni basi ni nani kati ya hao wawili waliobaki.

Tazameni majirani zetu Uganda. Barabara ya Kampala kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe, karibu kilomita 50 ukihesabu na tawi la Munyonyo, iligharimu dola milioni 476. Milioni 350 zilikopwa na serikali yenyewe kutoka benki ya Exim ya China. Ilifunguliwa 2018, na malipo yakaanza Januari 2022, gari dogo shilingi 5,000 za Uganda. Pale anayedaiwa dola ni serikali. Shilingi ya Uganda ikiyumba, wa kwanza kuumia ni hazina, na dereva aendaye kupokea mgeni hasikii kitu siku hiyo. Mkulima wa Mbarara asiyewahi kukanyaga barabara ile ndiye anayesaidia kuilipa. Sisemi hilo ni bora. Nasema ni uamuzi, na uamuzi wa namna hiyo unapaswa kufanywa hadharani kabla zege halijamwagwa.

Sasa sikilizeni sehemu inayonikera kupita zote. Mwaka huo huo wa 2024 shilingi yetu ilipata nguvu tena, dola ikashuka hadi karibu 129. Rudia hesabu: 360 mara 129, gawanya kwa 116. Unapata 400. Kifungu kinachopandisha ada shilingi inapoanguka, je, kinaishusha inapoinuka? Kwa muda gani? Nani anakagua? Kiwango cha dola cha kuanzia ni kipi, cha siku ya kutia sahihi au cha siku ya kufungua? Kifungu chenye mlango wa kupanda tu ni cha kukataa mchana kweupe, hata kama barabara yenyewe ni nzuri ajabu.

Kuna atakayesema, hayo ni ya Nairobi, sisi wa Mombasa yanatuhusu nini? Yanatuhusu mara mbili. Ukitoka hapa kwa gari, ukapita Mariakani, Voi, Mtito na Emali, lango la kwanza la Nairobi unalokutana nalo ni la Mlolongo. Msafiri wa Pwani anayewahi ndege Jomo Kenyatta ndiye mteja wa barabara ile. Pili, na hili ni zito zaidi, kumekuwa na mapendekezo ya barabara ya kulipia kutoka Nairobi hadi hapa kwetu. Mkataba wa 2017 na Bechtel, kampuni ya ujenzi ya Marekani, haukufika popote. 2024 likaja la Everstrong Capital, wawekezaji wa Marekani, wakaliita Usahihi: takriban kilomita 440, dola bilioni 3.6, mwekezaji arudishe fedha zake kwa miaka 30.

Nairobi, 500 kwa kilomita 27 ni kama shilingi 18.50 kila kilomita. Ukiileta Pwani hivyo hivyo, safari moja ni zaidi ya 8,000. Kulinganisha hivyo si haki, kwa sababu sehemu kubwa ya ile ya Nairobi imepandishwa juu ya nguzo, na nguzo ni ghali kuliko tuta la udongo. Basi tuseme wameanza na shilingi 8 kwa kilomita. Hiyo ni 3,520. Dola ikipanda kama ilivyopanda kati ya 2022 na 2024, inakuwa kama 4,760, na hakuna aliyeongeza hata mita moja ya lami.

“Asiyetaka kulipa apite barabara ya zamani.” Hilo nimelisikia mpaka nimechoka. Uharibifu wa lami haupandi sawa na uzito, unapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu. Ekseli inayoruhusiwa tani 10 ikibeba 12, ni 1.2 mara 1.2 mara 1.2 mara 1.2: uharibifu unazidi kidogo mara mbili. Ada ya malori ikiwekwa juu mno, malori yanabaki kwenye barabara ya bure, yanaitafuna, halafu mwenye matatu na mwenye gari dogo wanasukumwa kwenye kulipia kwa sababu ile ya bure haipitiki. Kwa hivyo ada ya lori isipangwe kando na matengenezo ya barabara ya zamani. Na mizani ya kupimia malori ya Mariakani ifanye kazi usiku kama mchana.

Tozo ya mafuta nayo. Tangu Julai 2024 tunalipa shilingi 25 kwa lita kwa ajili ya matengenezo ya barabara. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita limeshalipa 2.50 kila kilomita, hata likiwa juu ya barabara ya kulipia. Toka Mlolongo hadi Westlands ni karibu shilingi 68 juu ya zile 500. Anayepanga ada aseme wazi kama hizo zinapunguzwa au la.

Ya langoni nitayapitia mbio, wakati umekwisha. Mlipa taslimu akichukua sekunde 15, njia moja hupitisha magari 240 kwa saa. Kifaa cha kielektroniki kikichukua sekunde 3, ni magari 1,200. Foleni huanzia kwa mtu mmoja anayetambua kwenye kizuizi kwamba salio la kifaa chake limeisha, na nyuma hawezi kurudi. Wenye magari ya kazi, jazeni salio kabla dereva hajaondoka.

Na Dongo Kundu, barabara ya kuizunguka Mombasa upande wa kusini, kwa wanaoniuliza: mtu wa Diani anafika uwanja wa ndege bila kugusa feri na bila kulipa langoni, lakini deni lipo, ni la Japani, na hulipwa kwa kodi. Ni ule ule mpango wa Entebbe, ila bila lango.

Mkutano wa kukusanya maoni ukiitishwa, msiende kuuliza tu ajira ngapi. Ombeni kifungu cha dola kisomwe kwa sauti, na kwa Kiswahili. Haya, maswali. Tuanze na wenye malori.