Kazi ya mgodini Katowice ipo? Leo nawajibu wote

Jamani, habari za huko nyumbani. Leo sipiki na sitembezi kamera mtaani. Nimekaa hapa jikoni kwa sababu ya swali moja lililojaa kwenye maoni: "Dada, si unakaa mji wa makaa ya mawe, tuunganishie kazi mgodini." Kila video! Hata ile ya kusuka nywele.

Nikisema haiwezekani, mnasema nawabania. Nikisema mshahara hautoshi, mnasema nalia njaa nikiwa Ulaya. Nikivaa koti jipya, naringa. Haya, leo semeni mtakavyo, mimi namaliza.

Katowice, huu mji wa Poland ninaokaa, kilikuwa kijiji tu. Reli ikafika mwaka 1846, enzi za Waprusi, dola ya Kijerumani iliyotawala hapa, makaa yakapata njia ya kutokea, na mwaka 1865 pakapewa hadhi ya mji. Ulikuwa wa Wajerumani mpaka 1922 ndipo ukaingia Poland. Na kati ya 1953 na 1956 wakomunisti waliubadilisha jina ukaitwa Stalinogród, wenyeji hata hawakuulizwa. Mengine mtajisomea.

Ninalotaka mlishike ni hili. Mwaka 1990 Poland nzima ilikuwa na wachimba makaa karibu 400,000. Leo hawafiki 80,000. Mwaka 1998 serikali ilianza kuwalipa kiinua mgongo cha mkupuo ili waache kazi wenyewe. Mzee wa ghorofa ya chini hapa kwetu anasema wenzake wengine walinunua magari, na pesa ikaisha kabla gari halijachakaa. Mji wenyewe ulikuwa na watu zaidi ya 360,000 mwishoni mwa miaka ya 1980, sasa wako kama 280,000.

Migodi inafungwa, ndugu zangu. Ule uliokuwa katikati ya mji ulifungwa 1999, na leo pale ni Makumbusho ya Silesia, yaani ya mkoa huu. Mnara uliokuwa ukiwashusha wachimbaji shimoni sasa watalii wanapanda juu kupiga picha. Wieczorek, mgodi wa pale mtaa wa Nikiszowiec kwenye zile nyumba za matofali mekundu mnazozipenda kwenye picha zangu, uliacha kuchimba 2018. Desemba ya mwaka huohuo mji ukapokea mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, COP24. Kisha 2021 serikali na vyama vya wafanyakazi wakasaini kwamba mgodi wa mwisho wa makaa ya umeme ufungwe ifikapo 2049. Sasa mtu anayefunga duka, anaajiri muuzaji mpya?

Msiniambie kwamba wanalipwa vizuri, najua. Juu ya mishahara 12 ya mwaka, mchimbaji ana wa 13, ana na wa 14, na akitimiza miaka 25 chini ya ardhi anastaafu hata akiwa bado kijana. Lakini hawa si watu wa kuchezewa. Tarehe 16 Desemba 1981, mgodi wa Wujek, hapahapa Katowice, waligoma kupinga utawala wa kijeshi, polisi wakafyatua risasi, wakafa 9. Mpaka leo serikali yoyote ikigusa migodi inagusa kwa tahadhari. Nafasi ikitokea huko, kuna kijana wa hapa aliyesomea, baba yake na babu yake walishuka shimo hilohilo, na amri zote kule chini zinatolewa kwa Kipolandi. Wewe wa Songea unaingilia wapi?

Halafu hamjui kuishi juu ya mashimo. Siku moja nasuuza vyombo, vikombe vikaanza kugongana kabatini, taa ikayumba. Nikampigia mwenye nyumba natetemeka. "Ni mgodi huo unatikisa ardhi," akasema, kisha akaniuliza kodi ya mwezi nimeshatuma? Na baridi ikiingia, wale ambao bado wanachoma makaa majumbani wanawasha majiko. Ukipitisha kidole dirishani asubuhi kinatoka cheusi. Hilo nalo nikilisema, nalalamika.

Sasa karatasi. Kibali changu cha kazi kina jina la mwajiri, kwa hiyo ukigombana na bosi unagombana na Poland nzima. Nilipoomba upya kadi ya ukaazi, mwaka ukapinduka sijajibiwa. Walinigongea mhuri kwenye pasipoti: naruhusiwa kukaa, ila nikitoka, kurudi ni mpaka viza mpya. Msiba wa babu ulinipita hivyo, na ukoo ukasema nimekuwa mzungu. Siku moja mama wa dirishani kwenye ofisi ya vibali, siitaji, alinirudishia fomu kwa sababu mkataba wa nyumba haukuwa na sahihi ukurasa wa pili. Nilitaka kumwambia kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wapolandi kama 5,000 tuliwahifadhi Tengeru, Arusha, na makaburi yao yapo mpaka leo. Lakini nikikasirika Kipolandi kinanikimbia.

Mimi nafanya kazi ya ankara kwenye ofisi ya uhasibu. Kazi za hapa siku hizi ndizo hizo: maofisi ya hesabu na kompyuta, maghala, viwanda vya magari kwenye miji jirani ya Gliwice na Tychy. Kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa zloti (pesa ya hapa) 4,666 kwa mwezi kabla ya makato, mkononi ulishika kama 3,500. Mimi nalipwa zaidi kidogo, sisemi kiasi gani, mjomba anatazama. Yeye ndiye aliyeniambia mwanangu unalalia makaa halafu unashindwa kutuma ada ya watoto! Nikitoa nyumba, umeme na tiketi ya mwezi, kinachobaki nagawana na nyumbani, na nyumbani hawaridhiki.

Haya ni yangu mimi. Yuko Mtanzania hapa amefika juzi na mambo yamemnyookea, kila mtu na bahati yake. Ila kuna wakala Dar anauza "nafasi za mgodini Poland" kwa mamilioni. Ukimpa, usinitumie risiti mimi nikusaidie kudai.

Kama una cheti cha kuchomelea au leseni ya kuendesha mashine za ghalani, andika hapo chini: cheti gani, cha mwaka gani, umefanyia kazi wapi. Ukiandika "mambo dada" sijibu.